Magogo ya Korongoni

Kikosini walimwita Nyigu, na mwenyewe aliitika bila kinyongo. Jina hilo alilipata kwa sababu mbili. Kwanza, ukimchokoza hakuwa na simile. Pili, hakuna aliyewahi kumwona ametulia mahali pamoja kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Alikunywa chai akitembea, alizungumza akikunja nguo, na waliowahi kulala naye kibanda kimoja walisema hata usingizini miguu yake ilikuwa na safari zake.

Kazi yake ilikuwa kukata miti iliyoanguka. Kila mwaka, baridi ikianza kulegea na theluji ikibaki viraka viraka kwenye vivuli, kikosi kidogo kilipanda mlimani kusafisha njia kabla wageni hawajaanza kumiminika na mabegi yao ya rangirangi. Mwaka huo dhoruba tatu zilikuwa zimepiga mfululizo. Njia nzima, kilomita kumi na nne kutoka barabarani hadi juu kabisa, ilikuwa imelaliwa na misonobari kana kwamba mtu amemwaga kiberiti chini akaondoka zake. Na kwa kuwa msitu ule ulikuwa hifadhi, misumeno ya injini ilikatazwa. Walitumia msumeno wa watu wawili, mrefu kuliko mtu, wenye mpini kila upande. Mmoja anavuta, mwingine anaachia. Kisha huyu anavuta, yule anaachia.

Kwa miaka saba Nyigu alikuwa ameshika mpini mmoja, na mwenzake waliyemwita Pacha ameshika wa pili. Walizoeana hadi wakawa hawahesabu. Ila wiki moja kabla ya safari Pacha aliteleza kwenye ngazi za nyumbani kwake akavunjika mfupa wa bega. Ofisi ikasema italeta mtu. Nyigu hakuuliza ni nani. Alikuwa na mambo mengine kichwani: binti yake wa pekee alikuwa mjamzito, zimebaki wiki tatu, na Nyigu alikuwa amekwisha kufuta madirisha ya nyumba ya binti huyo mara nne ndani ya siku mbili.

"Mama, nenda kazini," binti alimwambia akiwa amejishika kiuno. "Nakupenda, lakini unanitia wazimu. Mtoto mwenyewe akisikia hizo fujo hatatoka."

Basi akaenda, kwa shingo upande.

Mtu wa ofisi aliwafikia jioni ya siku ya kwanza, kwenye kibanda cha mbao cha kilomita ya tisa. Kiongozi wa kikosi, mwanamume mfupi aliyeitwa Kasuku kwa jinsi asivyofunga mdomo, alikuwa akipanga kuni kando ya jiko. Nyigu alikuwa nje akisugua utomvu kwenye meno ya msumeno kwa kitambaa na mafuta ya taa. Alisikia hatua kwenye kokoto. Hatua za taratibu, nzito, kila moja ikisubiri iliyotangulia ipumzike. Alizijua kabla hajainua kichwa.

"Hapana," alisema.

"Shikamoo kwako pia," alijibu mtu yule, akatua begi lake.

Alikuwa mtalaka wake. Kikosini alijulikana kama Konokono, na hilo pia halihitaji maelezo. Walikuwa wameachana miaka kumi na minne iliyopita, bila kurushiana sahani. Yeye Nyigu alikuwa kiguu na njia, na mumewe akajibu kila jambo kwa "tutaona". Siku moja Nyigu aliona kwamba hawezi tena kusikia neno "tutaona" na akabaki na akili timamu. Tangu hapo walikutana kwenye sherehe za binti tu, wakisalimiana kama watu wa mtaa mmoja.

Kasuku alitokeza mlangoni, akawatazama wote wawili. 

"Ulijua," Nyigu alimwambia.

"Nilijua. Ningekuambia ungeshuka."

"Ningeshuka mbio."

"Ndiyo maana," alisema Kasuku, akarudi kwenye kuni zake.

Siku tatu walikata pamoja, na siku tatu zilikuwa mateso. Konokono ndiye aliyemfundisha Nyigu msumeno enzi za ujana wao, lakini mwanafunzi alikuwa amempita mwalimu zamani. Nyigu alivuta haraka, Konokono akachelewa kuachia, na chuma kikapinda na kulia kama mbuzi.

"Usisukume!"

"Sisukumi. Wewe ndiye hunipi nafasi ya kuvuta."

"Nafasi! Nafasi ningekupa ya kutosha kama siku ingekuwa na saa arobaini."

"Mama mtu, mti umeshaanguka. Hauendi popote."

Konokono aliponyamaza ilikuwa vibaya zaidi, maana alinyamaza kama mtu aliyeridhika. Nyigu alisonya, akanyoosha mgongo, akaenda kwenye jiwe moja lililochongoka ambako, ukisimama ncha ya vidole na kuinua simu juu, uliweza kupata alama moja ya mtandao. Alikwenda huko asubuhi, mchana na jioni. Ujumbe wa binti ulikuwa wa aina moja kila siku: "Niko salama. Kata miti." Alama ile moja ikapotea kabla hajajibu.

Usiku wa kuamkia siku ya nne upepo ulivuma tena. Kibanda kilitikisika, na mara mbili walisikia mlio wa mbali wa kitu kikubwa kinachovunjika upande wa bondeni. Asubuhi Nyigu alikuwa wa kwanza kuamka. Alikuwa nje akizunguka na kikombe mkononi Kasuku alipotoka mlangoni, redio ya mawasiliano mkononi, uso umemshuka.

"Ofisi wameita," alisema. "Ni binti yenu. Uchungu umemwanza mapema. Wamempeleka hospitali alfajiri hii. Wanasema presha imepanda sana."

"Imepanda kiasi gani?"

"Hawakusema. Wimbi limekatika. Nimewaita tena na tena, nasikia mikwaruzo tu."

Nyigu alikitua kikombe chini, akakipiga teke bila kukusudia alipogeuka. Alikuwa amekwisha kuvaa begi Konokono alipofika mlangoni akiwa na kiatu kimoja.

"Ninashuka," alisema Nyigu.

"Huwezi kushuka peke yako," Kasuku alimjibu. "Unajua sheria, na umesikia upepo wa jana. Shukeni wawili, na mchukue msumeno. Mimi nitabaki na redio. Wakirudi hewani nitawaambia mko njiani na gari liwasubiri."

Nyigu alitaka kubishana, lakini kubishana kungemla dakika. Alichukua shoka na mfuko wa kabari. Konokono alibeba msumeno begani, chuma chake kirefu kikiyumba nyuma yake kwa kila hatua.

Walishuka. Au tuseme Nyigu alishuka, na Konokono akafuata. Kila baada ya kona alilazimika kusimama kumngoja, akigonga ncha ya kiatu kwenye jiwe, akihesabu, akisahau hesabu, akianza upya.  Presha imepanda sana. Sana ni kiasi gani? Alikuwa ameona mjamzito mmoja, jirani yao wa zamani, akipelekwa kwa sababu hiyo hiyo, na hakupenda kukumbuka jinsi ilivyokwisha. Alipogeuka akamwona mtalaka wake akishuka na goti lake bovu, mguu mmoja mmoja kama mtu anayeshuka ngazi gizani, alitamani kumbeba na kumtupa mbele.

"Baba mtu, huwezi kuongeza mwendo?"

"Huu ndio mwendo niliouongeza."

Saa tatu hivi walifika korongoni. Hapo njia ilikuwa imechongwa ubavuni mwa mlima, upana wa hatua mbili. Mkono wa kulia ukuta wa mwamba na udongo, mkono wa kushoto hewa tupu hadi kwenye mto ulionguruma chini kabisa. Siku mbili kabla wao hawajapanda, kikosi kingine kilikuwa kimepasafisha pote. Sasa misonobari miwili ilikuwa imeng'oka kutoka juu ya ukuta na kulala kukingama njia, mmoja juu ya mwingine. Mizizi yake ilikuwa imegota ukutani ikiwa imekumbatia udongo na mawe, na vilele vyake vilining'inia juu ya korongo. Gogo la juu lilimfika Nyigu kifuani. Gome lake lilikuwa na barafu.

"Tunaruka," alisema, akapandisha mguu.

"Ngoja. Lile la juu halijakaa."

Hakungoja. Alijivuta kwa mikono, akapata kulalia tumbo juu ya gogo, na papo hapo akahisi kitu kikubwa kikizunguka chini yake, polepole, kuelekea kule kwenye hewa. Miguu ilikosa pa kukanyaga. Kisha mkanda wa begi ukamkata mabegani, na akajikuta amekaa chini njiani, mgongo kwenye kifua cha Konokono, ambaye alikuwa ameangusha msumeno na kumshika kwa mikono miwili. Kipande cha gome kilitumbukia korongoni. Hawakusikia kikifika.

 Halafu Nyigu akajinasua, akaanza kuchungulia chini ya magogo. Karibu na ukuta, pale mizizi iliposhikilia mwamba kwa nguvu, palikuwa na upenyo. Ungetosha mtu mwembamba atambae kama mjusi. Konokono alikuwa na mabega kama kabati.

Alivua begi, akalala chini, akapenya. Matope yalimwingia shingoni. Upande wa pili alisimama, akatoa mkono, akalipokea begi lake.

"Sasa shika mpini," Konokono alisema kutoka ng'ambo. "Nakupitishia msumeno."

Nyigu aliitazama njia iliyokuwa mbele yake. Ilikuwa nyeupe, tupu, ikishuka hadi kwenye kona. Kilomita nne tu. Peke yake angezimaliza chini ya saa moja.

"Kukata hapa ni saa nzima," alisema.

"Ni zaidi."

"Nitakutumia watu."

 Nyigu hakusubiri amjibu. Alitoka mguu niponye, begi likimpiga mgongoni, akijiambia kwamba Konokono yuko salama, ana chakula, ana koti, hatakufa mtu kwa kukaa njiani nusu siku. Aliipita kona. Hatua hamsini mbele, pale njia ilipokuwa nyembamba kuliko kwingine kote, lilikuwa limelala gogo la tatu. Hili lilikuwa kubwa kuliko yale mawili, limeziba njia kutoka ukutani hadi kwenye hewa. Limekaa juu ya ardhi kabisa, halina upenyo hata wa panya. Juu yake matawi yaliyovunjika yalichomoza kama mikuki.

Alilizunguka kwa macho. Alilipiga kwa kiganja. Alitoa tusi ambalo mama yake angemwoshea mdomo kwa sabuni. Kisha akarudi.

Konokono hakuwa ameketi. Alikuwa amechukua shoka, anabandua gome la gogo la juu taratibu ili mchanga usije ukala meno ya msumeno, na kabari amezipanga juu ya jiwe. Aliuona uso wa Nyigu kati ya magogo, akaelewa.

"Lipo lingine?" aliuliza.

"Lipo."

"Kubwa?"

"Kubwa."

"Haya. Shika."

Chuma kikapita chini, Nyigu akakifunga mpini wake. Waliuweka msumeno juu ya gogo, kwenye alama aliyoichonga Konokono karibu na ukuta, ili kipande kirefu kikikatika kiende chenyewe korongoni. Wakaanza.

Mwanzoni aliendelea kuvuta kwa pupa. Unga wa mbao, mweupe na wenye harufu kali, ulimwagika juu ya viatu vyao. Baada ya muda mikono ilijipangia mwendo, kwa sababu mikono huchoka kabla ya hasira. Huku anavuta, huku anaachia. Huku anavuta. Ndipo Nyigu alipofungua mdomo, nusu kwa kutaka amani, kwa kuwa ilimkereketa jinsi alivyomwacha na mwenzake hakusema kitu.

"Angalau safari hii habari imekufikia mapema," alisema.

Konokono aliachia mpini, akavuta, akaachia.

Nyigu alikuwa anazungumzia jambo la miaka ishirini na sita iliyopita. Binti yao alipozaliwa, Konokono alikuwa kambini msitu wa juu. Familia ilimtuma mtu kwenda kumwita. Konokono alikuja baada ya siku tisa, akaingia ndani ametulia, akasema habari haikumfika. Mama yake Nyigu hakuamini neno lile hadi anaingia kaburini. Nyigu aliamini. Alimtetea mbele ya mama, mbele ya dada, mbele ya mashangazi waliokunja midomo. Hata walipoachana, hata siku alipokuwa anamhesabia makosa yake moja baada ya moja mbele ya wazee wa pande mbili, hilo hakulitia. Huwezi kumlaumu mtu kwa jambo asilolijua.

"Ilinifika," alisema Konokono.

"Nini?"

"Habari. Ilinifika siku ile ile, jioni. Yule mtu alinikuta nakula."

Msumeno uliendelea kwenda. Ni ajabu jinsi mikono inavyoweza kuendelea.

"Alisema umepata shida. Umezimia mara mbili. Alisema ni mtoto wa kike, lakini wewe hawajui kama utaamka." Alivuta, akaachia. "Nilimpa chai. Nilimwambia yeye ana haraka, atangulie, nitamfuata. Nikakaa. Kesho yake nikajiambia nitashuka mchana. Nikaogopa nitakachokikuta. Kila siku niliyokaa, kushuka kukawa kugumu zaidi. Siku ya tisa akapita mchuuzi mmoja akaniambia uko hai, unagombana na watu. Ndipo nikashuka."

Nyigu alivuta kwa nguvu zake zote, halafu akasukuma. Chuma kilipinda, kikalia, kikakwama. Gogo lilikuwa limekaa juu ya mpasuko wake na kuubana msumeno kama mdomo uliofumba.

"Leta kabari," alisema. Sauti yake mwenyewe aliisikia kutoka mbali.

Konokono alimpa kabari na shoka. Nyigu aliipachika kabari kwenye mpasuko, akageuza shoka, akaipiga kwa kisogo chake. Aliipiga ya pili. Ya tatu aliipiga hata pale ilipokuwa haina haja ya kupigwa.

"Nilikutetea," alisema, na kila neno likatoka na pigo. "Kwa mama yangu. Miaka yote. Mama alikufa ninamwambia ana roho mbaya."

"Najua."

"Kwa nini unaniambia leo? Ungenyamaza! Si ndiyo kazi yako, kunyamaza?"

"Umesema hivyo ulivyosema," alijibu Konokono. "Kwamba safari hii habari imenifika mapema. Nikaona siwezi kukuacha unitetee tena."

Nyigu alimtazama kati ya magogo. Uso wake ulikuwa na jasho na unga wa mbao, na ulikuwa umezeeka. Alitafuta neno la kumchoma nalo. Alikuwa nayo mengi, alikuwa maarufu kwa hayo. Halafu akakumbuka kwamba nusu saa iliyopita yeye mwenyewe alikuwa amempa kisogo mtu huyu na kukimbia, na kumbukumbu hiyo haikumpunguzia hasira hata kidogo, ila ilimzibia njia.

"Kata," alisema.

Walikata. Gogo lilianza kulia ndani kwa ndani, nyuzi moja moja zikikatika. Konokono akapaza sauti, "Linaenda!" Wote wakarudi ukutani, na kipande kikubwa kikaondoka na kutumbukia, kikiwa na kabari moja mwilini mwake. Ukimya, kisha mshindo chini mtoni. Lile gogo la pili lilikuwa limelala kwa utulivu. Konokono alilipanda kwa makalio, akateremkia upande wa pili.

La tatu liliwala saa nzima na ushei. Hawakusema lolote ila "ngoja", "vuta" na "mafuta". Viganja vya Nyigu vilichubuka ndani ya glovu. Kila alipovuta alisema moyoni, awe hai. Kila alipoachia alisema, mwongo wewe. Lilipokatika walilisukuma kwa migongo na miguu, wote wawili wamelala chali wamegandamiza mabega ukutani, hadi gogo likajisogeza kiasi cha mtu kupita.

Jua lilikuwa limesimama utosini walipoona barabara. Gari la ofisi lilikuwa pale, injini inanguruma, dereva amesimama nje akivuta sigara kwa wasiwasi. Simu ya Nyigu ilianza kutetemeka mfukoni. Ujumbe tisa, wote wa mkwewe, wote wa maneno mawili: "Mama, piga." Alipiga. Iliita hadi ikakatika. Alipiga tena gari likiwa tayari linakimbia. Mara ya nne ikapokewa, na alichosikia ni mwanamume mzima analia.

"Sema!" Nyigu alifoka. "Baba, sema, nakusikiliza. Yuko wapi mwanangu?"

Kilio kikaendelea. Konokono, aliyekuwa kiti cha nyuma, alishika ukingo wa kiti cha mbele. Halafu sauti ya mwanamke ikachukua simu, kavu, ya mtu mwenye kazi nyingi.

"Wewe ni mama yake? Mimi ni muuguzi. Mtoto ametoka kwa upasuaji, wa kike, mdogo lakini anapumua vizuri. Mama yake alipata kifafa cha mimba. Bado yuko chumba cha upasuaji. Njooni."

Mbele ya lango la hospitali Nyigu alishuka gari halijasimama sawasawa. Alikuwa amefika mlangoni alipogundua hasikii hatua nyuma yake. Aligeuka. Konokono alikuwa amebaki kando ya gari, anatazama viatu vyake.

"Nina matope," alisema. "Nitasubiri hapa hapa nje. Wewe tangulia, utaniambia."

Watu walipita kati yao: mwenye mkongojo, mwenye chupa ya uji, mama aliyembeba mtoto mwenye kikohozi. Nyigu alirudi hatua zote zile. Hakupaza sauti.

"Unaogopa?"

"Ndiyo."

"Na mimi naogopa.  Mara ile sikujua kwamba umekaa unakula huku nimezimia. Leo ninajua, nimekuona kwa macho. Ingia ndani au usije ukanisalimia tena hata msibani."

Aliingia. Alipitia mlangoni kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi, lakini aliingia.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini na mkwe wao katikati. Yaani, wanaume walikaa. Nyigu alitembea. Kutoka dirishani hadi kwenye mlango wa vioo, kutoka mlango wa vioo hadi dirishani, akiacha unga wa mbao kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Muuguzi alimwambia akae, akakaa sekunde tatu. Saa kumi alasiri daktari alitoka, akavua barakoa, akasema presha imeshuka, damu imesimama, atalala sana lakini ataamka. Mkwe alianza kulia upya. Konokono aliinamisha kichwa hadi magotini, na Nyigu akauona mgongo wake ukitikisika. Hakumgusa. Aliinua mkono wake nusu, akautumia kufuta pua yake mwenyewe.

Walipoletewa mtoto, amefungwa kama kifurushi, uso mwekundu wenye makunyanzi, Nyigu alimpokea na papo hapo akaanza kutembea naye.

"Utamwambia?" Konokono aliuliza kwa sauti ya chini alipopita mbele yake. "Binti?"

"Mimi? Mimi sina la kumwambia. Utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako. Si leo. Apone kwanza."

Binti aliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku kumi. Konokono alikuja kila alasiri, akakaa kwenye kiti cha kando ya kitanda, akaongea habari za hali ya hewa, akaondoka. Kila alipoondoka Nyigu alimsindikiza kwa macho hadi mlangoni, na Konokono akayakwepa macho hayo. Kasuku aliulizia watarudi lini mlimani, maana njia ya juu haijaguswa. Nyigu alimjibu asimbabaishe.

Siku ya tano tangu binti arudi nyumbani, Nyigu alikuwa uani anaanika nepi. Dirisha la chumba lilikuwa wazi. Alisikia ile sauti ya taratibu ikianza, ikisimama, ikianza tena. Ilisema yote: yule mtu, chai, mchuuzi. Haikujitetea. Nyigu alisimama na nepi iliyolowa mkononi, maji yakimchuruzika hadi kiwikoni.



"Siku ngapi?" aliuliza binti hatimaye.

"Tisa."

"Na Mama anajua?"

"Anajua."

 Kitanda kililia. Mtoto alianza kunung'unika, kisha kulia kweli kweli.

"Mchukue, Baba," binti alisema. Sauti yake haikuwa ya kusamehe wala ya kufukuza, ilikuwa imechoka tu. "Mshono unaniuma. Mchukue utembee naye. Hataki mtu anayekaa."

Nyigu alisikia kiti kikisogea na hatua zikianza, nzito, moja, halafu nyingine, kutoka ukutani hadi mlangoni. Aliitundika nepi kwenye kamba, ikaanguka. Aliiokota, akaona ina udongo, akaenda kuchota maji mengine ingawa ndoo ilikuwa bado imejaa.